Jino la Pili la Luvenia

Yubile, Kaunti ya Harlow, Kansas
11 Aprili 1887

Baba Luvenia mpenzi,

Moshi unatoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo neno la mwisho uliloniachia: "Delphia, moshi usikatike, watu wakadhani pamehamwa." Basi nikiamka, kabla hata ya kunawa uso, naweka samadi kavu jikoni, na kila apitaye barabarani anaona ardhi hii ina wenyewe. Sheria ilisema tulale hapa miaka mitano ndipo iwe yetu. Nalala, mume wangu. Nalala kwa bidii.

Mwanao hajambo. Lile jino lake moja ni kali, nina alama kwenye kidole. Anatambaa mpaka kizingitini, anachungulia nyika yote ile, kisha anarudi kinyumenyume kama kaa. Nadhani anaona nje ni kukubwa mno. Mvua ya juzi ilidondosha udongo kutoka dari ya shimo letu ukaingia kwenye unga. Nimeuchekecha. Ukirudi usiniulize mkate una nini.

Mama Zerelda anapita kila siku kunitazama. Jana amenisimulia tena walivyofika hapa miaka kumi iliyopita, wale wa kwanza kutoka Kentucky, na karatasi mkononi iliyosema kuna mji, kuna kanisa, kuna maduka. Wakashuka garini wakaona majani tu. Akamuuliza yule bwana aliyewaleta, "Mji uko wapi?" Akajibiwa, "Mama, umesimama juu yake." Watu walikuwa wanaishi chini kwenye mashimo! Anasema alilia mpaka akachoka, kisha akaomba jembe. Na baridi ilipowabana, Waosage, wenyeji wa nyika hii, waliokuwa wanarudi kutoka kuwinda ndio waliowagawia nyama. Bila wao, anasema, mji huu ungekuwa makaburi.

Sasa utauona. Hoteli imepakwa rangi nyeupe kwa ajili ya reli. Mchungaji Tolliver anataka kituo kijengwe karibu na kanisa, mwenye duka anataka kiwe mbele ya duka, na juzi nusura washikane mashati juu ya kituo ambacho hata bado hakijaja. Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi. Kila taruma la reli unalobeba nahesabu linakuja kwetu. Siku moja utashuka kwenye treni hapa hapa, na Luvenia atakuwa amesimama anakungoja.

Nisamehe mwandiko. Ananivuta sketi.

Wako,
Delphia


Kambi ya Reli
2 Mei 1887

Mke wangu,

Mimi kuandika siwezi, unajua. Mikono imekuwa gome la mti. Tunabeba mataruma, mimi na Hosea bega kwa bega, na Hosea akijamba hatuna pa kukimbilia.

Barua yako nimeisoma mpaka najua neno lipi liko wapi. Ile ya kurudi kinyumenyume nimewasimulia wote. Sasa kila tukikaa kula mpishi ananiuliza, "Ransom, leo kaa amefanya nini?" Nikikosa la kusema wanasikitika, kweli kabisa, watu wazima na ndevu zao.

Kwa hiyo niandikie. Usiniandikie habari za unga, niandikie zake. Nilipokuwa nyumbani nilitoka shambani nikamkuta amelala, nikaondoka asubuhi amelala. Naona aibu kusema, lakini naanza kumjua sasa, kwa barua.

Hosea amepewa ruhusa akaangalie shamba lake, nimempa kikombe. Ni cha bluu, kina jogoo. Usikiweke rafuni wageni wakitazame. Ni cha mtoto. Anywee.

Ransom


Yubile
20 Mei 1887

Baba Luvenia,

Kikombe kimefika kizima! Hosea alikibeba ndani ya soksi, nikakiosha sana.

Hataki kitu kingine. Asubuhi ananywea maziwa ya ng'ombe wa Mama Zerelda, mchana anakigonga mezani kama mchungaji anayewaamsha waumini. Na sikiliza hili: anaweka kidole juu ya jogoo anasema "Ko." Ko! Nimemuuliza mara nyingi nisije nikakudanganya. "Huyu nani?" "Ko." Ndilo neno lake la kwanza na ni kwa ajili yako.

Watoto wa Mchungaji Tolliver wanaumwa koo, kwa hiyo Jumapili hatukwenda kanisani. Usijali. Tumeimba wenyewe hapa shimoni na tukasikika vizuri zaidi.

Wako,
Delphia


Yubile
9 Juni 1887

Wifi yangu Permelia,

Kaa chini kwanza. Kama uko kwenye beseni la nguo za watu, ziache.

Luvenia amefariki. Ni dondakoo. Lilianza kwa watoto wa mchungaji, likaja kwetu. Daktari yuko ng'ambo ya mto na mto ulikuwa umejaa. Mama Zerelda alifanya yote anayoyajua. Mwanangu alishika kidole changu, hiki chenye alama ya jino lake, na hakukiacha mpaka mwisho. Alikuwa na nguvu, wifi. Ungesema mtu mwenye nguvu vile haendi popote.

Huku hakuna miti. Mwenye duka alikuwa hana mbao, zote zimejenga hoteli. Nikawaambia wauvunje mlango wetu. Sasa mlangoni kuna gunia, na yeye ana mlango.

Tumemzika kilimani, nami nimefanya kama ulivyofanya kwa mama yenu. Kile alichokinywea mwisho nilikitoboa kitako kwa msumari, nikakifudikiza juu ya udongo, na kijiko chake pembeni, ili kifo kikatike hapo kisimfuate mwingine. Ni kile kikombe cha bluu alicholetewa na baba yake. Mkono ulikataa kupiga msumari. Mama Zerelda akasema, "Piga, mwanangu. Kikibaki kizima kitamwita mwingine." Nikapiga.

Bado sijamwandikia Ransom. Yuko kule katikati ya wanaume, wanamuuliza kila siku mtoto amefanya nini. Nitamwandikia kesho. Niombee mkono wangu.

Wifi yako,
Delphia


Yubile
10 Juni 1887

Baba Luvenia mpenzi,

Moshi unatoka.

Mvua imekatika na mahindi yamefika magotini. Luvenia ana jino la pili.

Liko chini, karibu na lile la kwanza. Analisugua kwa ulimi siku nzima kana kwamba amepata kitu cha wizi. Waambie kambini.

Mimi mzima. Nimechoka kidogo tu, ndiyo maana barua ni fupi.

Wako,
Delphia


Georgetown, Kentucky
24 Juni 1887

Delphia mwanangu,

Siku hizi mbili sikufua nguo ya mtu. Mke wa jaji amekuja kuulizia mashuka yake nikamwambia nina msiba, akasema pole, lini yatakuwa tayari.

Nimelia nawe. Huyo mtoto sikuwahi kumshika na nimemlilia kama niliyembeba mgongoni.

Na barua yako ya pili nimeipata, ile fupi uliyoandika usiku wa pili yake, kwamba ulikaa kumwandikia kifo na mkono ukaandika jino. Siku nilipoisoma sikukulaumu. Leo nakulaumu, kwa sababu nakupenda. Mwandikie. Kila siku inayopita unamzalia mtoto mwingine wa maneno, na huyo naye itabidi afe, na wewe ndiye utakayemuua. Mtu hazikwi mara mbili, mwanangu.

Unasema utamwambia kwa mdomo akirudi baada ya mavuno. Sawa, kwa mdomo ni heshima. Lakini basi usimwandikie kitu katikati. Nyamaza. Mwambie una homa. Usimpe meno.

Mimi sitamwambia. Neno hili ni la mke na mume, mimi siingii chumbani kwa watu. Ila usinifanye nimdanganye mdogo wangu niliyemlea kwa mikono hii.

Wifi yako,
Permelia


Kambi ya Reli
10 Julai 1887

Dada,

Nina jambo na sina wa kumwambia. Hosea namwambia lakini yeye anasema tu "Mungu yupo," akageuka upande wa pili akalala.

Reli haiendi Yubile. Wametuhamisha Jumatatu. Tumevuka kusini ya mto na tunatandika huko. Watu wetu walipiga kura, wakaahidi pesa, wakapaka hoteli rangi, na kampuni imechora mstari mwingine. Mpima ardhi anasema kwa urahisi tu, kama mtu anayekuambia umevaa kofia upande: mji wenu uko mahali pabaya.

Mahali pabaya! Wakati hapakuwa na mtu, hapakuwa pabaya.

Sijamwambia Delphia. Kila barua anaandika kituo, kituo. Anaishi kwa hiyo reli, dada. Peke yake na mtoto katika shimo lile, na analichukulia shimo kama chumba cha kungojea treni. Nikimwambia atabaki na nini? Nitamwambia nikifika, nikiwa nimemshika mkono. Na wewe usimwambie, nakuomba kwa jina la mama.

Angalau mtoto ananipa nguvu. Amesimama! Kwa kushika ndoo. Delphia ameandika alisimama, akatazama huku na huku kama mwenye shamba, kisha akaketi na ndoo yote ikamwagika. Hapa kambini tulicheka mpaka msimamizi akaja. Nikibeba taruma upande usio wetu, ndiyo hiyo naifikiria.

Mdogo wako,
Ransom


Georgetown
22 Julai 1887

Ransom,

Nenda nyumbani.

Usiniulize kwa nini. Mimi ni dada yako mkubwa, nimekufunga viatu, nasema nenda nyumbani. Kazi iache. Mueleze mkeo habari ya reli uso kwa uso, na ukae umsikilize naye alicho nacho. Mke aliyeachwa peke yake nyikani huwa ana ya kusema.

Mmekuwa watu wa ajabu, nyie wawili. Kila mmoja amemfunika mwenzake blanketi mpaka pua.

Permelia


Yubile
3 Agosti 1887

Baba Luvenia,

Ulituahidi utaomba ruhusa ya Sikukuu ya Uhuru ya Agosti mosi lakini hukuja, nami sikukasirika. Najua kazi ni kazi.

Ilifana. Walichoma ng'ombe wawili, watu walikuja kutoka kaunti jirani, hata wazungu walikuja kula. Wazee waliozaliwa utumwani walikalishwa mbele. Mama Zerelda aliitwa aseme neno, akasimama akasema, "Nimekula nimeshiba na hakuna wa kunituma. Ndiyo hotuba yangu," akakaa. Walimpigia makofi kuliko mchungaji.

Walinichukua kwa nguvu nikacheze. Nilicheza.

Nawe unataka habari zake. Basi alitembea. Kutoka kwangu mpaka kwa Mama Zerelda, kwenye majani, mikono juu. Watu wote waliacha kula wakatazama. Na alipofika akageuka nyuma akatafuta, akasema, "Baba." Alisema wazi.

Nilitaka uwe umeyaona. Nilitaka sana, Ransom. Nimeyaandika jinsi nilivyotaka uyaone.

Delphia


Kambi ya Reli, kusini ya mto
28 Agosti 1887

Dada,

Jana tulikuwa tumeketi tunakula. Nilikuwa nimewasomea barua ya sikukuu, na mpishi, mzee mzima, alikuwa anajifuta macho kwa lile neno "Baba." Mpima ardhi, mzungu mmoja si mbaya, akaja kuomba kahawa kwenye sufuria yetu. Alikuwa ametoka Yubile. Alitumwa akawaambie wakubwa wa mji kwamba kituo kitakuwa kusini, na kama wanataka, kampuni itawapa viwanja huku wavute nyumba zao.

Akakaa akasema, "Ransom, watu wa kwenu wamekuwa matajiri, eh?"

Nikamwambia, "Kwa nini, bwana?"

"Mnatupa vyombo vizuri hivyo. Nimepanda pale kilimani kutazama mto, nikakuta kikombe cha bluu, chapa ya jogoo, mmekitoboa kitako mkakiacha juu ya kirundo cha udongo. Na kijiko. Kidogo hivi. Nilitaka nikichukue lakini kimetoboka."

Dada, sisi wote pale tunatoka Kentucky na Tennessee. Hapakuwa na mmoja asiyejua. Hosea, aliyekibeba ndani ya soksi yake, aliweka sahani chini taratibu. Mpishi aliendelea kukoroga sufuria ya chakula iliyokwisha kuwa tupu.

Mzungu akatutazama mmoja mmoja. "Vipi? Chakula kimeharibika?"

Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia, "Hapana, bwana. Karibu kahawa." Nikammiminia.

Barua ilikuwa bado iko mkononi.

Nakuuliza jambo moja, uniambie ndiyo au siyo. Ulijua?

Ransom


Georgetown
8 Septemba 1887

Ransom mdogo wangu,

Ndiyo.

Tangu Juni. Ni dondakoo. Mkeo alikuwa peke yake, mto umejaa. Alitaka kukuandikia akashindwa, kisha ulijibu kwa furaha, akashindwa zaidi. Na wewe je, umemwambia kuhusu reli? Bila shaka bado. Basi usiende kule kama hakimu.

Unikasirikie mimi. Mimi niko mbali, hasira yako haitanifikia na nguvu. Yeye yuko karibu.

Nenda, Ransom.

Permelia


Yubile
25 Septemba 1887

Baba Luvenia,

Hujaandika tangu Agosti. Nimemuuliza kila apitaye.

Mji umesikia habari ya reli. Wanaume walikutana kanisani, wengine walilia, wengine walitukana, na mwisho wamekubaliana wahame. Wanasema nyumba zote za mbao zitawekwa juu ya magogo na kuvutwa na maksai mpaka ng'ambo, mto ukishapungua. Mchungaji anasema Israeli nao walibeba hema lao. Mama Zerelda akamjibu, "Israeli hawakuwa wameshapaka rangi hoteli."

Wewe unafanya kazi hapo hapo. Lazima ulijua. Kama ulijua ukanyamaza ili nisiumie, nimekusamehe kabla hujaomba. Nawe ukija nina la kukuambia. Ni la mdomo. Ukisikia, nakuomba ukumbuke kwamba nimeanza kukusamehe mimi kwanza.

Moshi bado unatoka. Nakungoja.

Delphia


Yubile
6 Novemba 1887

Wifi yangu Permelia,

Ransom yuko hapa. Amelala. Ni mchana lakini nimemwacha alale. Nakuandikia yote nisije nikapunguza kitu.

Sikumwona akija kwangu. Nilimwona juu, barabarani, na maksai. Amekuja na kikosi cha kuvuta nyumba! Kampuni imewatuma watu wake wasaidie, naye akawa mmojawapo. Siku ya kwanza walivuta hoteli. Ilipita mbele yangu na mapazia yake madirishani, nyeupe, kama bibi harusi aliyekosea kanisa. Ransom alikuwa ameshika mnyororo wa mbele. Aliniona. Alijua namwona. Akageuza uso akawapigia maksai kelele.

Siku ya pili wakavuta kanisa. Kila walipopita kwenye shimo la barabara kengele ililia yenyewe. Siku ile pia hakuja.

Siku ya tatu ilikuwa nyumba ya Mama Zerelda. Walimwambia ashuke, akakataa. Alikaa ndani kwenye kiti chake, mlango wazi, kitambaa kipya kichwani. "Nilikuja kaunti hii kwa miguu," akasema. "Nikitoka natoka nimekaa." Alipofika kwangu akapiga kelele wasimame.

"Delphia! Panda, mwanangu. Nafasi ipo."

"Nyumba yangu haivutiki, Mama. Ni shimo."

"Basi wavute shimo! Si wanajua kuvuta kila kitu, hawa?"

Wanaume walicheka. Kisha akaniita karibu, akanishika uso kwa mikono miwili na hakusema mzaha tena. Aliniambia, "Aliye kilimani hataki mlinzi. Aliye hai ndiye anayetaka. Yule pale mbele, anayejifanya hakuoni." Wakavuta. Nilitazama mpaka moshi wa bomba lake ukaingia bondeni, maana alikuwa bado anapika.

Jioni ile hapakuwa na mji tena. Kuna mistari ya mawe mahali nyumba zilipokaa, na makaburi.

Jana baada ya adhuhuri akaja. Aliinamia gunia la mlangoni, akalishika kidogo, akatazama mahali mlango ulipokuwa. Hakuuliza umekwenda wapi. Alielewa. Hakunisalimu. Alitoa barua zangu zote kutoka kifuani akazipanga mezani, moja baada ya moja.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Alipofia. Katika hizi. Nionyeshe ni wapi."

Wifi, sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kuulizwa swali hilo. Nikaweka kidole kati ya ile ya Mei na ile ya Juni.

Akachukua ile ya Juni akaisogeza pembeni. "Jino la pili."

"Halikuota."

"Kusimama na ndoo."

"Hapana."

"Alipomwaga maji."

"Hapana, Ransom. Niliyamwaga mimi, kwenye karatasi. Nilikuwa naandika nikayaona yanatokea, nikacheka peke yangu."

Akaendelea, moja moja. Alikuwa hasomi hata. Anazijua kwa moyo. Alipofika kwenye ile ya sikukuu aliweka kiganja juu yake.

"Hapa ameandika mtoto alisema baba," akasema, kana kwamba aliyeandika ni mtu mwingine na mimi na yeye tunamjadili.

Nilitikisa kichwa.

"Niliwasomea watu, Delphia."

"Najua."

"Mpishi alilia."

"Nisamehe."

Akasimama, akakaa. Kisha akasema, "Mimi reli niliijua tangu Julai. Nilikuwa naitandika kwa mikono hii huku nasoma jinsi mnavyogombania kituo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaandika kwa furaha sana."

Tukatazamana. Kama ingekuwa ni watu wengine, wifi, tungecheka.

Akatoka. Nilijua anakwenda kilimani, sikumfuata. Wenzake walipita na maksai wakaniuliza, "Mnakuja? Mkokoteni wa mwisho huu." Nikawaambia sijui, mngojeeni Ransom. Wakangoja. Nilikusanya sufuria, nikafunga blanketi, nikafungua tena. Sikujua niko katika mkokoteni au siko. Nilijua tu kwamba akisema anakwenda bila mimi ana haki, na kwamba mimi kumwacha mtoto peke yake juu ya nyika tupu sitaweza.

Aliporudi alikuwa na udongo magotini. Hosea akamwita kutoka barabarani, "Ransom! Vipi?"

Akasimama pale mlangoni na mgongo wake kwangu. Akamjibu, "Nendeni. Sheria inasema tulale hapa."

"Mtaishi na nani, kaka? Hakuna mtu!"

"Tuko watatu," akasema.

Hosea alivua kofia. Kisha mkokoteni ukaondoka, tukausikia mpaka hausikiki.

Nikaweka maji jikoni kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Ransom aliketi pale anapoketi. Barua zile za uongo hakuzitupa wala hakuzichoma. Alizikunja akanirudishia mkononi, akabaki na zile mbili za kwanza.

"Sasa niambie za kweli," akasema. "Zote. Tangu asubuhi ile nilipoondoka. Usipunguze, usiongeze."

Nikaanza. Nikamwambia alivyotambaa kinyumenyume. Alivyoningoja niimbe ndipo ameze uji. Kwamba alichukia upepo, akifumba macho yote mawili ukija, akidhani nao haumwoni. Ko. Alivyogonga kikombe. Alivyoshika kidole changu. Ransom alikuwa ananisikiliza mdomo wazi, kama mtu anayenyeshewa.

"Na nini tena?" akaniuliza. "Na nini tena?"

Nikatafuta, wifi. Nilitafuta kila mahali.

Za kweli zilikuwa chache. Tulizimaliza kabla maji hayajachemka.

Wifi yako,
Delphia